Mtoto Anayechuchumaa Mlimani

Kwetu Maguu neno "kifua" lina kazi nyingi kuliko mtendaji wa kijiji. Mzee akikohoa usiku kucha, ni kifua. Aliyenyeshewa na mvua ya Machi akitoka kulima ngolo, ni kifua. Mwenye pumu, mwenye TB, mama aliyevuta moshi wa kuni miaka thelathini, wote kifua. Na yule mtoto ambaye tangu azaliwe hanenepi, akinyonya anatoka jasho kama mpiga jembe, akilia midomo inageuka rangi ya zambarau, naye inasemwa ana kifua. Anapewa dawa ya kifua. Akifa, amekufa kwa kifua, na watu wanarudi kuchuma kahawa.

Mimi si daktari, ndugu wasomaji. Nimemaliza Fomu Foo, basi. Nina madaftari matatu ya riwaya ambayo haijapata mwisho, na ndani yake kuna mtoto mwenye moyo mbovu. Nilipofika sura ya nne nikakwama. Sikujua mtoto wangu anaumwa nini hasa, wala kama katika miaka ile niliyomweka angeweza kupona. Mtu huwezi kumuua mhusika kwa kubahatisha tu! Nikaanza kuomba vitabu kwa huyu na yule, nikasoma. Riwaya ikalala, historia ikanichukua mimi.

Tuanze na moyo wenyewe. Una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Upande wa kulia unapokea damu iliyokwisha kutumika na kuisukuma kwenye mapafu ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto unaipokea ikirudi, unaisambaza mwilini. Ukuta wa katikati hautakiwi kuwa na upenyo. Lakini mtoto akiwa tumboni hapumui. Mapafu yake yamelala, oksijeni anaipata kwa mama kupitia kitovu. Kwa hiyo maumbile yamemwekea njia mbili za mkato: kidirisha kati ya vyumba vya juu, na kimshipa kinachounganisha mshipa mkubwa wa mapafu na ule mkubwa wa mwili. Akizaliwa akavuta pumzi ya kwanza, mapafu yanafunguka, na njia zile zinaanza kuzibwa. Kwa wengine hazizibwi. Wengine ukuta wenyewe haukukamilika, au mlango umebana, au mishipa imebadilishana nafasi. Mtu aliyelima ngolo ataelewa upesi: kingo moja ya shimo ikibomoka pale mteremkoni, maji yanakimbilia shimo lisilo lake, na la chini linazidiwa.

Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, wapatao 8 huja na kasoro ya namna hiyo, ndogo au kubwa. Kuna matundu yanayojifunga yenyewe mtoto akikua, hata mama asijue. Kuna kasoro ambazo zisipotibiwa hazimpi mtoto hata mwaka mmoja.

Kwamba mioyo mingine huzaliwa na hitilafu, hilo lilijulikana zamani, ila lilijulikana kwa maiti. Mwaka 1888 daktari Mfaransa wa mji wa Marseille, Arthur Fallot, alieleza ugonjwa wa watu wanaokuwa na rangi ya bluu. Alipowapasua baada ya kufa akakuta mambo manne yale yale: tundu kati ya vyumba vya chini, njia ya kwenda mapafuni imebana, mshipa mkubwa wa mwili umekaa juu ya lile tundu, na ukuta wa chumba cha kulia umenenepa kwa kazi nzito. Ugonjwa huo mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Huko Montreal, Kanada, Maude Abbott, ambaye Chuo Kikuu cha McGill kilimkatalia kusomea udaktari kwa sababu ni mwanamke, alikuja kuwa mtunzaji wa makumbusho ya viungo vya maiti katika chuo hicho hicho. Mwaka 1936 alitoa kitabu cha picha na maelezo ya mioyo 1,000 yenye kasoro. Mioyo elfu moja, na karibu yote ilikuwa imekwisha kusimama! Hapo udaktari ulikuwa unajua jina la ugonjwa, lakini ulilijua baada ya mazishi.

Kazi ngumu ilikuwa kulijua jina mtoto akiwa hai. Chombo kilikuwepo. Mwaka 1816 Laennec wa Paris alikunja karatasi ikawa bomba, akaiweka kifuani kwa mgonjwa na kusikiliza. Ndipo ilipozaliwa stetoskopu. Mwaka 1895 ikaja eksirei. Lakini kusikia mvumo ni jambo moja, kujua unatoka mlango upi ni jambo jingine. Na madaktari wengi waliona hakuna haja ya kujisumbua, maana hata ukijua, utafanya nini?

Aliyejisumbua ni Helen Taussig. Mwanamke huyu alikuwa anaongoza kliniki ya mioyo ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, tangu mwaka 1930. Tena alikuwa anapoteza usikivu. Fikirieni daktari wa moyo asiyesikia vizuri! Basi akajifunza kusikiliza kwa vidole. Aliweka kiganja kifuani kwa mtoto akapapasa mapigo na mitetemo, kisha akamwangalia chini ya mashine ya eksirei, akimgeuza huku na huku. Akaangalia kucha, midomo, namna mtoto anavyonyonya, anavyocheza. Akagundua kwamba wale watoto wa bluu, wakitembea kidogo, huchuchumaa. Hakuna aliyewafundisha. Ukichuchumaa unabana mishipa ya miguu, damu inakuwa vigumu kukimbilia mwilini, kwa hiyo nyingi zaidi inasukumwa kwenda mapafuni. Mtoto wa miaka mitatu anajitibu mwenyewe kwa magoti yake.

Nilipofika ukurasa huo nilifunga kitabu.

Shangazi yangu alikuwa na binti. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Tulikuwa tukitoka kuteka maji, na anayejua milima ya Umatengo anajua kwamba kwetu maji yako chini na nyumba iko juu, siku zote. Yule mtoto alipenda kutufuata. Kila baada ya hatua kumi na tano, ishirini hivi, anachuchumaa, magoti kifuani, kimya, macho ardhini kama mtu aliyedondosha sindano. Halafu anainuka, anaendelea. Watu wazima walisema ana deko. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimevimba kama virungu vidogo. Alipelekwa mahali pa kutibiwa, akarudi na dawa ya maji ya kifua. Akapelekwa tena, akarudi na ile ile. Akapelekwa na kwa wazee wa dawa za miti. Hakufika umri wa kuandikishwa shule. Sisemi kwamba alikuwa na ugonjwa wa Fallot, maana hakuna aliyempima. Kinachonikera mimi ni hicho hicho.

Turudi Baltimore, lakini tupitie Boston. Mwaka 1938 kijana mmoja, Robert Gross, aliyekuwa bado chini ya mkubwa wake, alimfunga mtoto wa kike wa miaka 7 kile kimshipa ambacho hakikujifunga baada ya kuzaliwa. Mkubwa wake hakutaka. Gross akasubiri mpaka mzee amesafiri. Mtoto akapona. (Laiti mtoto angekufa, leo jina la Gross lingesomwa kwenye vitabu vya kesi, siyo vya tiba. Historia bwana.) Taussig alikuwa ameona kwamba baadhi ya watoto wake wa bluu huzidiwa pale kimshipa kile kinapojifunga, kwa sababu ndicho kilichokuwa kinawapelekea damu mapafuni. Akamwendea Gross: wewe umeweza kufunga, je, unaweza kutengeneza? Gross hakuvutiwa. Akarudi kwao, na mwaka 1941 daktari mpasuaji Alfred Blalock alipohamia Johns Hopkins, akamuuliza yeye.

Hapa wenzangu mnaoshika kalamu bila digrii, sogeeni karibu.

Blalock alikuja na msaidizi wake, mtu mweusi aliyeitwa Vivien Thomas. Alizaliwa mwaka 1910, akamaliza sekondari Nashville, akawa fundi seremala huku akiweka akiba ya kusomea udaktari. Uchumi wa Marekani ulipoanguka, benki ikafa na akiba yake. Mwaka 1930 akapata kibarua katika maabara ya Blalock. Kazi aliyokuwa anafanya ni ya mtafiti. Kwenye karatasi za mishahara aliandikwa mfagizi. Basi Thomas huyo ndiye aliyekaa miaka na mbwa wa maabara, wanasema wapatao 200, akitafuta namna ya kuutengeneza ule ugonjwa wa bluu na kisha kuutibu: kuchukua mshipa wa mkono na kuushonea kwenye mshipa wa mapafu, ili damu iliyozuiwa mlango wa mbele ipite wa nyuma. Sindano za kushonea zilikuwa kubwa mno kwa mishipa ya mtoto. Akazikata na kuzinoa mwenyewe. Useremala haukupotea bure.

Tarehe 29 Novemba 1944 wakamlaza mezani mtoto wa kike wa miezi 15, mwenye uzito wa kilo nne na kidogo. Blalock akapasua. Operesheni hiyo mwenyewe alikuwa hajapata kuifanya kwa binadamu, na kwa mbwa alikuwa ameifanya mara moja tu, Thomas akimwelekeza. Kwa hiyo aliagiza Thomas asimame nyuma yake. Thomas akasimama juu ya kistuli, akiangalia begani kwa bosi wake, akisema sindano iingie wapi, ielekee upande gani. Yule mtoto aliishi miezi kadhaa tu. Lakini wa tatu, mvulana wa miaka 6, midomo yake ilibadilika rangi pale pale mezani, kutoka bluu kwenda waridi, mbele ya macho yao. Baada ya hapo wazazi walimiminika Baltimore kutoka pande zote za Marekani, na baadaye kutoka ng'ambo.

Mwaka 1945 makala ya kitaalamu ikatoka. Waandishi wawili: Blalock na Taussig. Thomas hayumo. Aliendelea kuwafundisha wapasuaji ambao walikuja kuwa maprofesa wakubwa, na mshahara wake ulimlazimu nyakati fulani kuhudumu vinywaji kwenye sherehe za bosi wake, akiwapokea wageni ambao wengine asubuhi walikuwa wanafunzi wake. Shahada ya heshima alipewa mwaka 1976. Akakaa chini akaandika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1985, mwaka ule ule aliofariki. Mimi nashukuru aliandika. Asingeandika, tungebaki na ile makala ya majina mawili.

Mpaka hapo lakini walikuwa wanarekebisha mabomba ya nje tu. Ndani ya moyo kwenyewe hakuingiliki, kwa sababu unapiga na umejaa damu. Ukiusimamisha, ubongo unakufa kwa dakika chache. Mwaka 1953 John Gibbon wa Philadelphia alitumia mashine aliyoihangaikia karibu miaka 20, inayofanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda, akaziba tundu la msichana wa miaka 18. Wagonjwa wake waliofuata walikufa, akaacha. Mwaka 1954 Walton Lillehei wa Minnesota akaja na jambo ambalo ukiliandika kwenye riwaya mhariri atasema umezidisha chumvi. Alimlaza mzazi kitanda cha jirani, akaunganisha mishipa yake na ya mtoto kwa mipira. Moyo wa baba ukawa unapigia miili miwili wakati daktari anashona ndani ya moyo wa mwanawe! Wa kwanza alikuwa mvulana wa mwaka mmoja na kidogo. Alikufa siku ya kumi na moja. Jumla walifanyiwa hivyo wagonjwa 45, na 28 walitoka hospitalini wakiwa hai. Muda si mrefu mashine zikaboreshwa, wazazi wakapumzishwa.

Mwaka huo huo wa 1953, huko Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima mashine kwenye karakana ya meli ya Malmö. Ilikuwa ya kukagulia vyuma vya meli kama vina nyufa, kwa kurusha sauti ambayo sikio halisikii na kusoma mwangwi wake. Wakaielekeza kwenye moyo. Kutoka hapo ndipo tumepata kile kipimo wanachokiita eko, ambacho leo kinamwonesha daktari tundu liko wapi na ukubwa gani bila hata kumtoboa mtoto. Kwangu mimi hiki kimeokoa wengi kuliko visu, maana bila picha kisu hakina pa kwenda.

Na sisi je? Mwaka 1944 Thomas anapanda kistuli, sisi tulikuwa Tanganyika ya Mwingereza. Wabenediktini walikuwa Peramiho tangu mwaka 1898, na baadaye Litembo, pale ambapo mwaka 1902 Wamatengo walipigana na Mjerumani, pakawa na hospitali ya misheni inayotegemewa milimani. Daktari mwenye stetoskopu huko aliweza kusikia mvumo na kuujua. Halafu? Ampeleke wapi? Kwa miongo mingi Tanzania nzima haikuwa na mahali pa kuufungua moyo wa mtoto. Jibu lilikuwa ndege. Serikali ilipeleka baadhi ya wagonjwa India. Lions Club ya Dar es Salaam na daktari Rajni Kanabar wa Hospitali ya Regency walichangisha na kuwapeleka watoto wengi huko huko India. Jirani zetu Nairobi, tangu miaka ya 1990, watu wanakimbia barabarani kila mwaka katika mbio za Mater kuchangia watoto wa namna hii. Tulizoea picha gazetini: mama, mtoto, hundi kubwa kama mlango, uwanja wa ndege. Picha ya waliobaki kwenye orodha haikupigwa. Na mtu wa Maguu hata kwenye orodha hakuwemo, kwa sababu orodha ilianza na jina la ugonjwa, na yeye alikuwa na kifua.

Wengine walikwenda Israel, katika hospitali ya Wolfson, mji wa Holon, kwa shirika la Save a Child's Heart lililoanzishwa mwaka 1995 na daktari Ami Cohen. Cohen mwenyewe alifia kwetu: mwaka 2001 alikuja kupanda Kilimanjaro, akafariki akiwa mlimani. Kwa njia hiyo hiyo daktari wetu, Godwin Godfrey wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, alikwenda Holon kusomea upasuaji wa moyo wa watoto kwa miaka kadhaa, akarudi nchini. Mimi napima msaada kwa hilo. Kumpeleka mtoto mmoja ni wema. Kumrudisha daktari mmoja hesabu yake ni nyingine kabisa.

Muhimbili ilianza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008, baada ya timu ya madaktari na wauguzi kwenda kujifunza India. Mwaka 2015 kitengo kile kikawa taasisi inayojitegemea, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na Profesa Mohamed Janabi akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Zikaja kambi: wataalamu kutoka Australia, Uingereza, Israel na kwingineko wanakaa siku kadhaa, wanapasua pamoja na wenyeji, wanaondoka, wenyeji wanaendelea. Matundu mengine siku hizi hayahitaji hata kufungua kifua. Wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wanaacha kizibo kidogo, kesho yake au keshokutwa mtoto anatembea wodini. Na taasisi imeanza kutoa madaktari na mashine za eko kwenda mikoani, badala ya kusubiri mikoa ije.

Lakini Mbinga na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Kabla ya nauli, kabla ya rufaa ya Songea, kabla ya kumpata ndugu wa Dar atakayekulaza wiki tatu bila kununa, inabidi kwanza mtu mmoja huku amsikilize mtoto kifuani na kusema: hapana, hii siyo dawa ya maji. Kuna kifaa kidogo kama kibanio cha nguo, kinabanwa kidoleni na kusoma oksijeni ya damu. Marekani tangu mwaka 2011 imependekezwa kila mtoto mchanga apimwe nacho kabla ya kutoka hospitali. Hakihitaji chumba, hakihitaji profesa. Na hata bila hicho kuna kadi ya kliniki, ambayo kila mama anaitunza ndani ya khanga: mstari wa uzito usiopanda, mwezi baada ya mwezi, ni sauti ya kutosha kwa anayetaka kusikia.

Riwaya nimeirudia. Mwaka wa kuzaliwa wa yule mtoto nimeubadilisha mara tatu. Akizaliwa 1970, daktari wa misheni anamsikia na kunyamaza. Akizaliwa 1994, hadithi nzima inakuwa ya kutafuta mfadhili. Sasa nimemweka 2016: yuko ndani ya basi, wamefika Makambako, baridi kali, mama yake ananunua mahindi ya kuchoma dirishani. Barua ya rufaa anayo. Aliyeiandika hiyo barua, kule Maguu, bado sijamtunga. Kila nikimpa sura, namwona ni muuguzi tu wa zahanati, mwenye foleni ya watu hamsini nje, na sijui ni nini kitakachomfanya asimame, atoke mlangoni, amwangalie mtoto aliyechuchumaa uwanjani.